Kuandika andiko la fedha za utafiti wa maji na mvuke ndani ya kinu cha nyuklia

Maandiko mengi ya utafiti huu hukataliwa kwa kosa lilelile: mwandishi anaahidi modeli bora zaidi ya viputo, na anayesoma haoni ubora huo utabadilisha nini kwenye kinu. Mwongozo huu ni kwa anayetafuta kuanzia euro elfu chache hadi dola milioni 1 kwa kazi ya kuiga kwa kompyuta mtiririko wa awamu mbili, yaani maji na mvuke vinavyokwenda pamoja. Mfano tunaoufuata ni mmoja tu, uchemkaji kwenye uso wa fimbo za fueli katika kinu cha maji yenye presha kubwa. Fedha nyingi za kazi hii ziko Marekani na Ulaya. Ipo pia njia ya Vienna, ya shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, ndogo, ambayo iko wazi kwa chuo cha Nairobi, Dar es Salaam, Kampala au Kigali.

Hatua ya 1: Tafuta namba ya usalama kabla ya kugusa mlinganyo

Ndani ya kinu cha aina hii maji huwa kwenye presha ya karibu megapaskali 15.5, na kwa presha hiyo huchemka kwenye nyuzi joto 345. Viputo vichache kwenye fimbo ni msaada, kwani vinachota joto haraka. Vikizidi, vinaungana na kuwa utando wa mvuke. Joto linakosa pa kutokea, na ganda la metali la fimbo linapanda joto ghafla. Wadhibiti hutazama uwiano kati ya kiasi cha joto kinachotoka kwenye fimbo ambacho kingeleta hali hiyo na kile kinachotoka kweli mahali hapo. Kwa W-3, fomula ya zamani ya kukadiria kiasi hicho cha hatari, uwiano huo haukutakiwa kushuka chini ya 1.30. Kwa WRB-1, iliyokuja baadaye ikiwa na data nzuri zaidi za vifungu vya fimbo, kikomo ni 1.17. Tofauti hiyo ya 0.13 ni nguvu ambayo mwenye mtambo anaweza kuizalisha na kuiuza bila kuvuka mpaka wa usalama. Mfadhili wa viwandani analielewa hilo hata kama hajawahi kuona mlinganyo wa Navier na Stokes, ule wa mwendo wa maji na gesi.

Kama mradi wako unahusu ajali ya kupotea kwa maji ya kupoozea, namba zake ziko kwenye sheria ya Marekani ya 10 CFR 50.46. Joto la ganda lisizidi nyuzi 1,204, kutu isile zaidi ya asilimia 17 ya unene wake, na haidrojeni inayozalishwa isizidi asilimia 1 ya ile ambayo ingetoka kama metali yote ya ganda ingeungua. Tangu sheria hiyo ilipobadilishwa mwaka 1988, mwombaji wa leseni anaruhusiwa kutumia makadirio halisi badala ya yale yaliyobanwa kupita kiasi, mradi aonyeshe ukubwa wa kosa la makadirio yake. Ruhusa hiyo ndiyo iliyoupa utafiti wa modeli thamani ya kibiashara.

Sasa andika sentensi moja: "Mradi utapunguza kosa la kukadiria kitu fulani kutoka kiasi hiki hadi kiasi kile, katika presha na kasi fulani, na matokeo yataingia kwenye programu fulani." Ikikushinda kuijaza, rudi kwenye makala za watu wengine wiki mbili zaidi. Ukiijaza, iweke aya ya kwanza. Usifungue andiko na ajali ya Three Mile Island ya Machi 28, 1979. Ni kweli wahudumu walipotoshwa na kipimo cha maji kilichoonyesha tangi limejaa huku kiini cha kinu kinakauka, na ni kweli ni kisa cha awamu mbili hasa. Lakini mpitiaji amekisoma katika kila andiko la meza yake, na nafasi yako ni kurasa chache.

Hatua ya 2: Onyesha pengo liko mstari gani wa modeli

Programu za mfumo mzima, yaani zinazoiga kinu chote kwa pamoja, kama RELAP5, TRACE, CATHARE ya Ufaransa na ATHLET ya Ujerumani, hutatua milinganyo sita ya msingi: tungamo, mwendo na nishati kwa maji, kisha vilevile kwa mvuke. Milinganyo hiyo haina mgogoro mkubwa. Mgogoro uko kwenye mpaka wa maji na mvuke: eneo lake ni kiasi gani, joto linavukaje, nguvu gani inakokota viputo. Mamoru Ishii alipoandika nadharia yake mwaka 1975, aliweka wazi kwamba kupiga wastani kunapoteza taarifa za mpaka huo, na lazima zirudishwe kwa fomula zinazotoka kwenye vipimo. Karibu kila pengo lenye kufadhilika limo ndani ya fomula hizo.

Katika mfano wetu, modeli inayotumiwa sana ni ile ya Kurul na Podowski wa chuo cha Rensselaer, Marekani, ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Inagawa joto la ukuta mafungu matatu: linalobebwa na maji tu, linalogeuza maji kuwa mvuke, na linalochukuliwa na maji baridi yanayoingia mahali kiputo kilipobanduka. Ili kugawa hivyo inahitaji idadi ya vitovu vya viputo (mahali vinapozaliwa) kwa eneo, kipenyo cha kiputo kinapobanduka, na viputo hubanduka mara ngapi kwa sekunde. Fomula ya kipenyo iliyozoeleka, ya Tolubinsky na Kostanchuk ya mwaka 1970, hupewa kipenyo cha kuanzia cha milimita 0.6, thamani iliyotokana na maji ya presha ndogo. Kwa megapaskali 15.5 kiputo ni kidogo zaidi kuliko hicho. Hapo pana pengo unaloweza kulinyooshea kidole.

Jihadhari na mtego ambao wapitiaji wanaujua vizuri. Unaweza kukosea kipenyo kwa kuzidisha, ukakosea idadi ya vitovu kwa kupunguza, na mchoro wa mvuke ukakaa juu ya data kama umechorwa na mkono mmoja. Makosa yamefidiana. Ukibadilisha presha, kila kitu kinaanguka. Kwa hiyo andiko liseme wazi kwamba litalinganisha vitu visivyopungua vitatu kwa mara moja: sehemu ya mvuke, joto la ukuta na ukubwa wa viputo. Mwenye kuahidi sehemu ya mvuke peke yake huulizwa swali hilohilo, na mara nyingi hana jibu.

Pengo linaweza pia kutoka kwa mdhibiti mwenyewe, na hilo ni bora kuliko yote. NRC, yaani Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya Marekani, ilipoupitia muundo wa kinu kidogo cha NuScale, iliacha wazi suala la mawimbi ya densiti ndani ya mirija ya kuzalisha mvuke iliyopindwa kama springi, liamuliwe hatua ya mbele. Sentensi kama hiyo ndani ya ripoti ya mdhibiti ina uzito kuliko makala kumi zinazosema "utafiti zaidi unahitajika". Zisome ripoti hizo. Ziko wazi kwa umma, na watu wachache wana subira nazo.

Hatua ya 3: Pata data, halafu ndiyo uombe fedha

Modeli bila data ni ahadi. Kabla ya andiko kukamilika uwe na ama data mkononi ama barua ya mwenye data. Hizi hapa zinafaa mfano wetu:

Bartolomei na Chanturiya, 1967. Mrija wa wima wenye kipenyo cha milimita 15.4 na urefu wa mita 2, presha ya megapaskali 4.5, kilo 900 za maji kwa kila mita ya mraba kwa sekunde, joto la megawati 0.57 kwa mita ya mraba. Data zimo kwenye machapisho, bure, na kila mtu huanza nazo. Kwa sababu hiyohiyo hazitoshi peke yake.

DEBORA, ya CEA, shirika la nishati ya atomiki la Ufaransa, huko Grenoble. Walitumia gesi ya kupoozea ya R12 badala ya maji, ndani ya mrija wa milimita 19.2, wakapima mvuke na ukubwa wa viputo kuvuka kipenyo. Hapa ndipo makosa yanayofidiana hukamatwa.

BFBT na PSBT. Ni vipimo vya NUPEC ya Japani kwenye vifungu vya fimbo, vilivyogeuzwa mashindano ya kimataifa ya kulinganisha modeli chini ya NEA, wakala wa nyuklia wa OECD. BFBT ni ya vinu vinavyochemka na ilipigwa picha za eksirei zenye nukta ya milimita 0.3 kwa 0.3. PSBT ni ya vinu vya presha kama chetu. Huzipati kwa kubofya tu: yapo makubaliano ya kutia saini, na sahihi ni ya taasisi, si yako. Anza mapema, maana ofisi ya sheria ya chuo haijui haraka.

TOPFLOW, huko Dresden-Rossendorf, Ujerumani. Wanatumia kihisi cha matundu ya waya: tabaka mbili za nyaya zinazopishana, zinazosoma upitishaji wa umeme kila zinapokutana. Kihisi cha nyaya 64 kwa 64 kinachosoma mara 2,500 kwa sekunde, kwa sekunde 10, hutoa namba milioni 102.4. Kwa baiti 2 kila namba, kipimo kimoja ni megabaiti 205 hivi, na vipimo 200 ni gigabaiti 41. Andika hilo kwenye mpango wa kuhifadhi data kwa namba. Ukurasa huo huwa umejaa maneno matupu, na mwenye namba anaonekana mara moja.

Kama unataka kupima mwenyewe, usikimbilie hewa na maji kwenye bomba la plastiki kwa sababu ni rahisi. Kwa presha ya kawaida maji ni mazito kuliko mvuke wake karibu mara 1,600. Kwa megapaskali 7, kwenye kinu kinachochemka, ni mara 20. Kwa megapaskali 15.5 ni karibu mara 6. Kiputo kinachoelea katika maji mazito mara 1,600 hakifanani na kile cha mara 6, na hakuna maelezo yatakayomshawishi mpitiaji vinginevyo. Gesi ya R134a, ile ya majokofu, ndiyo njia ya kutokea: kwa megapaskali 1.1 hivi na nyuzi joto 43 inatoa uwiano wa karibu mara 21, na kwa megapaskali 2.6 na nyuzi 80 inatoa karibu mara 6. Tena inahitaji nishati ndogo kugeuka mvuke, kilojuli kama 106 kwa kilo kwenye nyuzi 80, dhidi ya kilojuli 966 za maji kwa megapaskali 15.5. Umeme unaohitajika unapungua mara kadhaa, na bomba halihitaji kuwa la kuogopesha.

Piga hesabu ya umeme ndani ya andiko. Mrija wa Bartolomei una eneo la ndani la 3.1416 × 0.0154 × 2, sawa na mita za mraba 0.097. Zidisha kwa megawati 0.57: kilowati 55. Maji yanayopita ni kilo 0.168 kwa sekunde. Mistari miwili hiyo inamwonyesha mpitiaji kwamba umeangalia kama jengo lina umeme wa kutosha. Maabara nyingi za chuo hazina kilowati 55 za ziada za umeme wa mkondo mnyoofu (DC), na kibadilishaji chake ndicho kifaa cha bei kubwa kwenye orodha.

Kuna jambo moja zaidi kwenye vipimo ambalo huangusha mradi mwaka wa pili. Fomula ya Thom inasema kwamba kwa megawati 1 kwa mita ya mraba na megapaskali 15.5, ukuta huwa na joto la nyuzi 3.8 tu juu ya joto la kuchemka. Thamokapo, yaani kipima joto cha nyaya mbili za metali, ya kawaida ya aina ya K inaruhusiwa kukosea asilimia 0.75, na kwa nyuzi 345 hiyo ni nyuzi 2.6. Yaani kipimo kinakosea theluthi mbili ya kitu chenyewe kinachopimwa! Dawa ni kusawazisha kila thamokapo mahali pake ilipofungwa, kabla ya kuwasha joto, maji yakiwa na joto moja kila mahali, kisha kutumia tofauti za joto badala ya joto lenyewe. Tenga wiki mbili za ratiba kwa kazi hiyo na uzitaje kwenye andiko.

Hatua ya 4: Chagua mlango

Wizara ya Nishati ya Marekani ina mpango wa vyuo vikuu uitwao NEUP, ulioanza mwaka 2009 na kuendeshwa kwa msaada wa maabara ya Idaho. Miradi yake ya utafiti huwa ya hadi miaka 3, na kikomo chake kimekuwa kati ya dola 800,000 na milioni 1 kulingana na tangazo la mwaka. Kwa kawaida huanza na andiko fupi, kisha wanaofaulu hualikwa au kutiwa moyo kuleta refu. Andiko fupi hupimwa kwa mambo mawili, umuhimu kwa mpango wa wizara na ubora wa kitaalamu, na wengi hufa kwenye la kwanza. Lisome tangazo, tafuta kipengele kinachotaja kazi yako, tumia maneno yake yaleyale. Mtafiti mkuu lazima awe wa chuo cha Marekani, lakini mwanafunzi wa uzamivu kutoka Afrika Mashariki aliyeko huko anaweza kulipwa ndani ya mradi. Maabara ya taifa kama mshirika inasaidia hasa ikiwa ndiyo inayotunza programu ambamo modeli yako itaingia.

NRC nayo hutoa ruzuku za utafiti kwa vyuo vya Marekani, ndogo kuliko za wizara. Usiwaombe fedha za kuendeleza kinu cha kampuni fulani. Wao ni wadhibiti, wanataka kujua jinsi ya kukagua.

Ulaya fedha hupitia Euratom, jumuiya ya nishati ya atomiki ya Ulaya. Kwa kipindi cha 2021 hadi 2025 mpango wake ulipewa euro bilioni 1.38, na sehemu ya utafiti wa pamoja wa nishati ya kupasua atomu ilikuwa euro milioni 266. Huingii peke yako: unahitaji ushirika wa nchi kadhaa. Miradi ya NURESIM, NURISP na NURESAFE, iliyofuatana kuanzia 2005, inaonyesha mtindo unaopendwa: taasisi nyingi, jukwaa moja la programu, kila mmoja na kipande chake. Aliye nje ya Ulaya anaweza kuwa mshirika, ila mara nyingi hujilipia mwenyewe.

Mlango wa Vienna ni wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, kupitia miradi yake ya utafiti ulioratibiwa. Shirika hutangaza mada, taasisi za nchi wanachama huomba, na kwa miaka mitatu hadi mitano kundi hukutana mara kadhaa kulinganisha matokeo. Kuna mkataba wa utafiti, wenye fedha kidogo, na makubaliano ya utafiti, yasiyo na fedha isipokuwa safari za mikutano. Taasisi za nchi zinazoendelea hupewa zaidi mikataba. Fedha yenyewe haitoshi mshahara wa mtu. Thamani yake ni data za mashindano, watu utakaowajua, na jina la taasisi yako kwenye ripoti. Kwa timu ya watu wawili watatu yenye kompyuta nzuri na OpenFOAM, programu ya bure ambayo tayari ina modeli ya uchemkaji ukutani, kurudia vipimo vya Bartolomei na PSBT ni kazi halali kabisa ya kuleta mezani. Andiko hutiwa saini na mkuu wa taasisi. Mjulishe mapema pia afisa kiungo wa nchi yako na IAEA, ambaye kwa nchi zetu huwa kwenye wizara, tume au wakala wa nyuklia.

Kwa wanawake wanaosoma shahada ya uzamili kuna udhamini wa IAEA wenye jina la Marie Sklodowska-Curie, ulioanza 2020: hadi euro 10,000 kwa mwaka za ada na hadi euro 10,000 za kujikimu, kwa muda wa hadi miaka miwili. Si fedha ya mradi, lakini kwa kumpata mtu wa kuifanya kazi hakuna njia nyepesi kuliko hiyo.

Hatua ya 5: Bajeti

Tuchukue mradi wa kikomo cha dola milioni 1 kwa miaka 3 katika chuo cha Marekani. Viwango hivi ni vya mfano, weka vya chuo chako:

- posho za wanafunzi 2 wa uzamivu, 35,000 kila mmoja kwa mwaka: 210,000
- ada zao, 20,000 kila mmoja kwa mwaka: 120,000
- mwezi 1 wa mtafiti mkuu kila mwaka: 42,000
- mtafiti aliyemaliza uzamivu, miaka 2: 130,000
- mafao ya hao wawili, asilimia 30: 51,600
- vifaa vikubwa: 150,000
- vitu vya kutumika na kuisha: 40,000
- safari: 30,000

Jumla yake ni 773,600 na unajiona umebakiza. Bado. Chuo hudai gharama zake za uendeshaji, tuseme asilimia 55. Hazitozwi kwenye ada wala vifaa vikubwa, kwa hiyo toa 270,000. Asilimia 55 ya 503,600 iliyobaki ni 276,980. Jumla sasa ni 1,050,580, umevuka kikomo kwa dola elfu 50.

Wengi hapa hukata vipimo. Usifanye hivyo, kwa sababu vifaa havitozwi gharama za chuo, na kukata dola 50,000 za vifaa kunaokoa 50,000 tu. Punguza mtafiti aliyemaliza uzamivu kutoka miezi 24 hadi 18: mshahara unapungua 32,500, mafao 9,750, na gharama za chuo juu yake 23,238. Umeokoa dola 65,488, jumla ni 985,092, na bomba lako liko salama. Mwite aanze mwezi wa 13, vipimo vya kwanza vinapotoka. Miezi ya mwanzo hana cha kufanya zaidi ya kusubiri mafundi.

Hatua ya 6: Muda wa kompyuta

Andiko likisema "tutatumia kompyuta kubwa" bila namba, limejipunguzia alama. Hesabu ni fupi. Gridi ya visanduku milioni 5, hatua ya muda ya nusu milisekunde, sekunde 20 za mtiririko: hizo ni hatua 40,000. Endesha mfano mdogo kwenye mashine yako upate gharama ya kisanduku kimoja kwa hatua moja. Tuseme umepata sekunde 0.0001 za kiini kimoja cha kompyuta. Zidisha vyote: sekunde milioni 20, sawa na saa 5,600 za kiini. Halafu kuna kurudia. Ili useme kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba asilimia 95 ya matokeo yako yako chini ya namba fulani, kanuni ya Wilks inadai uendeshaji 59. Hizo ni saa 330,000 kwa hali moja tu ya presha na mtiririko. Ongeza asilimia 30 za zile zitakazokufa katikati, maana uigaji wa awamu mbili hufa. Mara nyingi chanzo ni kisanduku kimoja kilichojaa mvuke wote, ambacho mlinganyo wa maji unabaki hauna cha kutatua.

Ukiona namba imekuwa kubwa mno, punguza idadi ya visanduku vya gridi kabla ya kupunguza 59. Lakini uwe mwangalifu karibu na ukuta: modeli hii hubadilisha jibu kwa unene wa kisanduku cha kwanza, na visanduku vyembamba zaidi si lazima viwe bora. Panga gridi tatu angalau, na useme utafanya nini kama majibu hayakukaribiana.

Hatua ya 7: Ruhusa za programu

TRACE hupatikana kupitia makubaliano na NRC, na RELAP5-3D kwa leseni ya maabara ya Idaho. Teknolojia ya nyuklia ya Marekani iko chini ya 10 CFR 810, sheria ya kupeleka teknolojia hiyo nje ya nchi au kwa raia wa kigeni, na uraia wa mwanafunzi unaweza kuamua kama atafungua faili au la. Wanaofika wakiwa na viza ya masomo hudhani mlango umekwisha kufunguka, kumbe kibali cha programu ni kingine na kinaweza kuchukua miezi. Mpangie mwanafunzi huyo kazi ya OpenFOAM kwa mwaka wa kwanza, na kwenye jedwali la hatari la andiko iandike kama njia mbadala iliyopangwa.

Hatua ya 8: Kuwasilisha

Mtu mmoja asiye wa fani alisome andiko na akueleze kwa mdomo ile sentensi ya hatua ya 1. Akishindwa, kosa ni lako. Angalia kila namba iliyo kwenye maandishi ifanane na iliyo kwenye jedwali la bajeti. Ofisi ya ruzuku ya chuo huhitaji siku zake kabla ya siku ya mwisho, mara nyingi siku tano za kazi, na tovuti ya mfadhili huelemewa saa za mwisho.

Ukikataliwa, omba maoni ya wapitiaji. Wakisema kazi ni nzuri ila haihusiani na mpango, badilisha ukurasa wa kwanza na programu mshirika, uirudishe mwaka unaofuata. Wakisema data hazitoshi, usirudi mpaka uwe na barua mpya mkononi.